Nyoka Aliyenifanya Nimtazame Mama Mkwe

Mama mkwe wangu aliitwa Osob, na miaka ya mwanzo ya ndoa yangu yote ilipita bila mimi kumwona uso. Usinicheke kabla hujasikia. Kwetu Wasomali, hasa sisi watu wa mifugo wa huku Ijara, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani. Dini haikatazi, sheikh mwenyewe atakuambia kwamba mama mkwe ni kama mama yako mzazi. Ni heshima ya tangu zamani tu, na ukiivunja hakuna atakayekushtaki, ila utaona haya mpaka kwenye kucha. Nikija mimi, yeye anaondoka. Akija yeye, mimi nainama au nageuka. Tukiwa na neno la kuambiana, linapitia kwa mke wangu Amran, hata kama baina yetu kuna mkeka mmoja tu na kila mtu anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

Mimi naitwa Rage. Mwaka wa tisini na nne nilikuwa dereva wa lori la mifugo, Hulugho mpaka soko la Garissa na kurudi. Kazi hiyo haitaki mtu mpole, na mimi upole sikuzaliwa nao. Nilitukana matope, nilitukana pancha, nilitukana hata mbuzi waliolaliana nyuma ya lori. Wapakiaji wangu waliniogopa. Mimi nilimwogopa mwanamke mmoja ambaye sikujua ana sura gani.

Amran alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, Bishara, alikuwa kwa mama yake karibu na Kotile, akimaliza arobaini yake kama ilivyo desturi. Kila nilipopita njia ile nilisimamisha lori mbali na kupiga honi ndefu, ili mama mkwe apate nafasi ya kujiondoa kwa heshima zake. Nikifika nakuta mlango mtupu, chai iko tayari, na mtoto amevishwa nguo safi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri namna hiyo.

Siku ya mkasa honi haikulia. Mvua za deyr, zile za mwisho wa mwaka, zilikuwa zimemwagika kwa fujo, na lori lilizama kwenye udongo mweusi mbali kidogo na boma. Nikawaacha wapakiaji wakichimba, nikachukua sukari na majani ya chai, nikatembea. Matope yalinifika magotini na nilikuwa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa maziwa. Sikukumbuka hata kukohoa. Nikazunguka nyuma ya kibanda cha mikeka, na huyo hapo mama Osob, anakuja moja kwa moja na chombo cha maziwa mkononi, shuka iko mabegani badala ya kichwani, kwa sababu alikuwa kwake na hakuwa na habari ya mgeni.

Mtu mwenye akili zake angegeuka tu akampa mgongo. Mimi niliruka. Niliruka pembeni, kwenye rundo la matawi ya miiba nyuma ya zizi la wanambuzi, na niliruka nimefumba macho, maana niliona kufumba macho ndiyo heshima zaidi. Mguu wangu wa kushoto ukatua juu ya kitu chenye uhai.

Yule nyoka hakuuma akaondoka. Alinishika juu kidogo ya kifundo, aking'ang'ania na kutafuna kama mbuzi atafunavyo kamba. Nilirusha mateke huku na huku. Aliponiachia nilifumbua macho, nikaona kitu cha rangi nyekundu, kinene kama mpini wa jembe, kikipita karibu na miguu ya mama mkwe na kuingia shimoni chini ya matawi. Rangi hiyo ilinitosha. Huku kwetu nyoka mwekundu ni swila, yule anayesimama, akatanua shingo na kukutemea sumu machoni. Na akikuuma, watu huanza kuulizana utazikwa wapi.

Nikapiga ukelele ambao nadhani wapakiaji waliusikia kule kwenye matope. Amran akatoka mbio na mtoto kifuani. Kutoka upande wa zizi akaja adeer Korane, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, na kabla sijamaliza kulitamka neno "nyoka", mzee alikuwa ameshafungua kamba kiunoni mwake.

Kamba hiyo ina maelezo yake. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mtoto wa Korane aliumwa na swila machungani, mbali na watu, na Korane alipomfikia hakuwa na kitu cha kumfunga mguu. Kijana alikata roho kabla ya jua kuzama. Tangu siku hiyo mzee hakuwahi kutoka nje bila kamba kiunoni, hata akienda msikitini. Alikuwa ameshajiambia kwamba angekuwa nayo siku ile, mtoto angepona, na hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kumwambia vinginevyo.

Alinifunga chini ya goti, akapenyeza kijiti na kukisokota mpaka nikaona nyota mchana. Kisha akaagiza chuma kiwekwe kwenye makaa, ili anichome palipoumwa. Nikamuuliza kamba itakaa mpaka lini. Akasema mpaka kesho, au mpaka Mungu atakapoamua. Hospitali kubwa iko Garissa, na baina yetu na Garissa kulikuwa na matope ambayo lori langu mwenyewe lilikuwa limeshindwa nayo. Nilielewa vizuri nilichokuwa nikiambiwa. Mguu uliofungwa hivyo mpaka kesho haurudi tena kuwa mguu. Na huo wa kushoto ndio unaokanyaga klachi, na dereva asiye na mguu wa klachi ni abiria.

Basi nikalala chini kwenye mkeka nikianza kugawa mali yangu. Redio nikampa ndugu yangu wa Garissa, koti nikampa mpakiaji mkubwa. Nikatamka shahada. Amran akamlaza Bishara kifuani pangu, naye mtoto, bila kujali msiba wa mtu yeyote, akanikojolea. Mke wangu alilia na kucheka kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma ya kibanda. Mama mkwe, aliyekuwa amejificha huko tangu nilipopiga ukelele, alisema, "Amran, mwambie mumeo huyo nyoka si swila. Nimemwona mimi. Mguu ufunguliwe."

Amran akanigeukia akaniambia maneno yale yale niliyokwisha kuyasikia. Nami nikamwambia amwambie mama, Mungu amweke, kwamba namshukuru kwa kunifariji, lakini nyoka nimemwona kwa macho yangu mawili na alikuwa mwekundu.

"Mwambie," akasema mama Osob, "aliyefumba macho asitusimulie alichokiona."

Hata hivyo sikumwamini. Mtu akishashikwa na hofu humsikiliza zaidi anayemwambia kwamba anakufa, nami nilimtazama Korane kama ndiye daktari. Na Korane hakuwa mjinga. Alisema, kwa taratibu kabisa, kwamba shemeji yake akikosea, watanizika. Akikosea yeye Korane, nitachechemea tu. Nani angembishia? Mguu wangu ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya ini, na Amran alipobonyeza kidole gumba, nilimwona akibonyeza lakini sikusikia kitu.

Chuma kikawa kimeiva. Korane akafunga kitambaa mkononi ili akishike.

Kisha tukasikia matawi yakivutwa kule kwenye rundo. Mama Osob alikuwa amechukua hangool, ile fimbo yetu ya kujengea nyua za miiba, yenye panda upande mmoja na ndoano upande wa pili, na alikuwa akiondoa tawi moja baada ya jingine bila haraka, kama mtu anayetafuta yai la kuku. Alikuwa amejifunika uso kwa shuka mpaka machoni. Nilidhani ni kwa ajili yangu. Amran alimwita, "Hooyo! Hooyo, mwache!" lakini mama yake hakuitika. Aliinama shimoni, akachokora udongo laini wa mvua kwa ndoano, akangoja, akachokora tena. Ghafla akaigeuza fimbo na kukandamiza kwa panda. Mkono wake wa kulia ukashuka chini.

Aliponyanyuka, nyoka alikuwa amemzunguka mkono mpaka kwenye kiwiko, na vidole vyake vilikuwa vimemshika nyuma ya kichwa.

Akaja. Hakwenda kwa Korane, alikuja kwangu. Nikaona miguu yake ikisimama mbele ya mkeka, viatu vya ngozi, visigino vilivyopasuka kwa kutembea. Zaidi ya hapo sikuona, kwa sababu macho yangu, bila mimi kuyaamrisha, yalikuwa yameganda chini. Fikiria ujinga huo. Mguu unakufa, chuma kinawaka, nyoka aliyeniuma yuko mbele ya pua yangu, na mimi natazama mchanga kwa sababu kumtazama nyoka ni kumtazama na aliyemshika.

"Rage," akasema.

Hakuwa amewahi kulitamka jina langu. Siku zote nilikuwa mumeo, yule, baba wa mtoto.

"Rage, inua macho. Mimi ni mama yako leo. Tazama."

Nikatazama. Nilimwona kwanza yeye, kusema kweli, kabla ya nyoka. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye paji pana la uso, kama la Amran, na shuka ilikuwa imemwangukia mabegani, na jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwogopa. Kisha akanisogezea nyoka, akaanza kunisomesha kama mwalimu wa chuo cha Kurani anavyomsomesha mtoto mzito.

Alinionyesha pua. Ilikuwa imechongoka na kupindia chini kama mdomo wa kuku, pua ya kuchimbia mashimo ya panya. Swila hana pua hiyo, kichwa chake ni cha mviringo. Akanionyesha mstari wa rangi ya kahawa iliyokolea, uliopita kutoka puani, katikati ya jicho, mpaka shavuni, kama mtu aliyepakwa wanja akafuta vibaya. Akasema meno yenye sumu ya huyu yako nyuma mdomoni, ndiyo maana hutafuna, na sumu yenyewe ni ya kuulia panya. Mtu mzima huvimba, huumwa, hulalamika, halafu hupona. Kisha akamgeuza nyoka tumbo juu, na kwa mkono wake wa pili akagusa koo lake mwenyewe.

"Swila mwekundu amevaa ukanda mweusi hapa," akasema. "Mmoja, mpana. Mtafute kwa huyu."

Nikatafuta. Koo lilikuwa jeupe, la rangi ya maziwa, kutoka kidevuni mpaka lilikoishia kwenye vidole vyake. Hapakuwa na ukanda.

Korane alikuwa amesimama na chuma mkononi. Akakiweka chini. Akapiga magoti karibu na shemeji yake, akanyoosha kidole kimoja, akakipitisha polepole juu ya koo lile jeupe, kwenda na kurudi.

"Yule wa mwanangu alikuwa nao," akasema. "Nilimuua mwenyewe. Alikuwa nao huo ukanda."

Kisha mzee akakishika kijiti na kukizungusha kinyume, kidogo, akangoja, kidogo tena. Damu iliporudi mguuni nilikiona cha mtema kuni. Nilitukana nyoka, lori, mvua na barabara yote ya Ijara, mbele ya mama mkwe, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho. Aliposikia naweza kuchezesha kidole gumba, alijitupia shuka kichwani, akageuka na kuondoka na nyoka wake. Korane alitaka nyoka auawe. Mama Osob akajibu, akiwa ameshatupa mgongo, kwamba nyoka alikuwa kwake akilala, na mwenye kosa ni aliyemrukia. Akaenda kumwachia mbali, kwenye vichuguu, akale panya wanaotoboa mikeka.

Jioni ile yote alikaa upande wa pili wa mkeka. Kila baada ya muda Amran alitumwa kuniuliza. Mama anauliza, kope ni nzito? Mama anauliza, ulimi unageuka? Mama anauliza, umekunywa maziwa? Mguu ulivimba mpaka kwenye muundi, ukawasha, ukauma, na nilitapika mara moja, ingawa nadhani hiyo ilikuwa hofu ikitafuta njia ya kutokea. Basi. Asubuhi niliweza kuukanyagia. Barabara ilipokauka nilipitia zahanati, wakasafisha kidonda, wakanichoma sindano, wakaniambia niende zangu. Niliendesha lori mpaka Garissa nikikanyaga klachi kwa raha, hata pale ambapo haikuhitajika.

Shida yangu sasa ikawa nyingine. Nilikuwa nimejaa shukrani mpaka shingoni na sikuwa na pa kuiweka. Nilimtumia mama mkwe sukari, nikamtumia shuka mpya ya rangi ya zambarau, nikamtumia tende. Kila mara Amran alirudi na jibu lile lile, kwamba mama anasema asante. Yaani yeye ndiye aliyekuwa akinishukuru! Nikimwomba Amran amwambie neno langu, analipeleka kwa ufupi, kama anavyopeleka habari ya mbuzi aliyepotea. Na honi nilikuwa nikiipiga tena, ndefu kuliko zamani, na mlango nikiukuta mtupu. Ile siku moja ilikuwa imefunguka na kufungwa. Sikumlaumu, mimi mwenyewe nisingeweza kumtazama tena bila sababu.

Arobaini ilipokwisha nilikwenda kumchukua Amran na mtoto. Nikakuta boma linahama. Malisho ya upande wa Hulugho yalikuwa yameota vizuri na mikeka ilikuwa imeshafungwa juu ya ngamia. Mama Osob alikuwa amekalishwa juu ya ngamia wa mbele kabisa, katikati ya mizigo, kwa sababu magoti yalikuwa yamemvimba kwa baridi ya mvua. Sisi hatupandi ngamia. Hupanda wagonjwa na watoto tu, na nilijua hilo lilikuwa likimuudhi.

Kumwongoza ngamia wa mizigo ni kazi ya wanawake. Nilikwenda nikaichukua kamba ya ngamia kutoka mkononi mwa Amran. Wapakiaji wangu, waliokuwa wakinisubiri, walicheka mpaka wakakaa chini. Waache wacheke. Nilikuwa nimegundua kitu ambacho ningepaswa kukigundua mapema: anayevuta ngamia hutazama mbele, na aliyepanda yuko nyuma yake. Hakuna anayemwona mwenzake, na heshima ya mtu haiguswi.

Tulitembea mpaka tukaliacha boma nyuma na wengine wakabaki mbali kidogo, pamoja na mbuzi. Nikakohoa.

"Ngamia," nikasema, "wewe ni mnyama, hujui umembeba nani. Nikuambie mimi. Mguu huu unaotembea mbele yako ni wake. Binti yangu ana baba anayefanya kazi kwa sababu yake. Nimetafuta pa kulisema hili na sikupata, kwa hiyo nakuambia wewe. Namshukuru. Nitamshukuru mpaka nife, na Mungu amlipe pale ambapo mimi siwezi kumlipa."

Ngamia alitembea. Mikeka iligongana taratibu juu ya mgongo wake. Nilidhani labda nimevuka mpaka, na uso ukaanza kunichoma. Kisha sauti yake ikaja kutoka juu, ya chini, ya mtu anayezungumza na shingo ya mnyama.

"Ngamia, mwambie huyo anayekuvuta kwamba siku ile nilidanganya. Mimi niliona mkia tu. Mkono ulipoingia shimoni sikujua nitashika nini, ndiyo maana nilijifunika uso. Koo la nyoka nililiona wakati mmoja na yeye."

Nilisimama. Ngamia naye akasimama, pua yake ikanigusa begani. Nilitaka kugeuka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Na mwambie asigeuke," akasema mama. "Atembee."

Nikatembea.